Mtembeze Mama Yake Kwanza

Nilimnunua Ipogolo, kando ya barabara kuu,
ndani ya boksi la sabuni, wiki sita, masikio bado yamelala.
Muuzaji akasema: baba yake Mjerumani halisi, alilinda benki.
Baba sikumwona. Mama sikumwona.
Niliona nyayo tu, pana kama vitumbua, nikalipa.
Wenzangu huuziwa mbuzi kwenye gunia;
mimi niliuziwa mbwa kwenye boksi,
na boksi nikaongezewa bure.

Nikamwita Sajini.

Mafinga, kwenye yadi yangu ya mbao,
alikula kama kibarua wa msimu:
ugali wa moto, utumbo, mafuta ya mchuzi juu,
maana nilitaka wezi wamwone tangu Kinyanambo.
Miezi mitano, kilo thelathini na ushee.
Wapakiaji wakimsifia, naongeza bakuli.
Jioni nawasha pikipiki, ananifuata mbio kwenye lami
hadi mipaini inapoishia, na kurudi.
Nikamfundisha kuruka kutoka juu ya Fuso.
Alitua kwa kishindo. Tulipiga makofi.

Makofi yale bado yananiwasha viganja.

Alianza kukimbia kama sungura,
miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja.
"Anacheza huyo," akasema Luvanda wa msumeno.
Kisha akawa anakaa upandeupande, paja moja nje.
Kisha asubuhi moja ya Juni, sakitu nyeupe juu ya magogo,
alijaribu kusimama kwenye ile sakafu niliyoipiga niru kwa fahari
na miguu ikatengana kama ya ndama wa dakika tano.
Hakulia. Alinitazama
kama mgeni aliyevunja sahani ya mwenyeji.

Daktari Tuntufye alikuja na gambuti,
akapiga magoti kwenye maranda,
akashika paja, akalizungusha polepole.
Ndani kitu kikagonga: ko.
"Umesikia?"
Nilisikia.
"Nyonga ni kinu na mchi. Kinu kikiwa na kina,
mchi hukaa, ukatwanga miaka kumi bila kelele.
Huyu kinu chake ni sahani.
Mchi unateleza, unakwangua ukingo,
na mfupa ukikwanguliwa huota vigutu."
Nikauliza nani alikichonga vibaya.
"Wazazi wake walianza," akasema, akijipangusa magoti.
"Wewe ukamalizia. Ulimpa mwili wa mtu mzima
kabla mifupa haijakauka.
Mama yake alitembeaje?"

Nikaangalia magogo.

Siku hizi bakuli ni nusu.
Mbavu zake nazihesabu kwa vidole bila kuziona,
ndivyo daktari alivyotaka;
wapakiaji wanasema namnyima.
Juu ya niru nimetandaza mpira wa mkanda wa kiwanda,
juu ya mpira maranda, shubiri nzima.
Kwenye Fuso nimemwegeshea ubao wenye vikato.
Tunatembea kwenye udongo, mwendo wa mazishi,
na baridi ikibana, kidonge alichoandikiwa,
si kile changu cha mgongo.

Chengula akaja na jike lake, na viazi magunia mawili,
anataka mbegu. "Kichwa kile! Kifua kile!"
Nikamwambia siuzi sahani kwa jina la kinu.
Hajanisalimia tangu Pasaka.

Mwezi jana nilikwenda Njombe, kutafuta msaidizi wa Sajini.
Jamaa akaniletea kitoto cha mviringo, nyayo za vitumbua.
Nikaingiza mikono kwenye mifuko ya koti, isinisaliti.
"Mtembeze mama yake kwanza."
Akacheka: "Umekuja kuposa?"
Akamtembeza. Mlima ule, akapanda,
kila mguu kwa zamu yake, kiuno kimetulia
kama ndoo ya maji kichwani mwa aliyezoea.
Nikakaribia kutoa pesa.
"Na picha ya nyonga zake?"
Hana.
"Na baba?"
"Baba yuko Makambako."

Nikauliza gari la Makambako linaondoka saa ngapi.